Pikipiki za kuunda zihukumiwe na mafundi, si na makofi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wa Shinyanga aliyeandika katika ukurasa huu kwamba mashindano ya kuunda pikipiki ni anasa ya wazungu wenye hela za kuchezea, na kwamba anayetaka kuyaleta Kanda ya Ziwa anawapotezea vijana muda. Nusu ya barua yake naikubali. Hiyo nusu nyingine ndiyo iliyonifanya nizime mashine mchana kweupe nitafute kalamu, na wanaonifahamu wanajua kwamba mashine yangu huzimwa na Tanesco au na msiba, basi.

Mimi ni mchongaji wa vyuma hapa Nyakato. Kazi niliisomea kwenye karakana ya meli, enzi zile ambapo shafti ikiliwa hukuwa na pa kuagiza nyingine. Unapewa pande la chuma na mchoro, unaachwa peke yako. Leti, yaani mashine ya kuchongea vyuma, ninayoitumia leo ni kuukuu, rangi imebanduka, na kila kijana anayekuja kujifunza hudhani ni skrepa mpaka aione inavyotoa uzi wa bolti. Meli hazinihitaji tena. Wanaonihitaji ni bodaboda: bloku za kutanua, bushi za swingamu (ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma), ekseli zilizopinda, havu zilizolika mpaka beringi inacheza ndani. Kwa hiyo pikipiki za mji huu nazijua kwa upande ambao hata wenye nazo hawauoni.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia nini. Simsemi kijana aliyebandika stika kwenye madigadi, akaweka taa za rangi tano na spika chini ya kiti. Huyo amepamba, na kupamba si kosa. Watu wa huku tulipenda mapambo tangu enzi za baiskeli za daladala, zile za kubeba abiria kwenye kiti cha sponji, zenye maua ya plastiki kwenye usukani na vioo ambavyo havikumwonyesha dereva chochote zaidi ya uso wake mwenyewe. Ninayemsema ni mtu anayeivua pikipiki mpaka ikabaki fremu tupu, akaikata na hiyo fremu, kisha akasimamisha chombo ambacho hakikuwahi kuwepo, na kikawaka, na kikatembea.

Huko nje watu wa namna hiyo wana mashindano yao. Binti yangu ndiye hunifungulia picha kwenye simu jioni, naye amechoka kwa maana nikianza huwa sirudishi simu. Yenye jina kubwa yalianzishwa mwaka 2004 na jarida la biashara la American Motorcycle Dealer, ndiyo maana huitwa AMD. Kwa miaka kadhaa yalifanyikia Sturgis, mji mdogo wa jimbo la South Dakota huko Marekani, ambako wapenda pikipiki wamekuwa wakikusanyika tangu mwaka 1938. Baadaye yalivuka bahari kwenda Ujerumani, yakaingia ndani ya maonyesho ya pikipiki ya INTERMOT mjini Cologne. Mwaka 2006 bingwa alikuwa Mjapani, Chicara Nagata. Mwaka 2010 alikuwa Mbelgiji, Fred Krugger. Mwaka 2012 ubingwa ulikwenda Ireland, kwa mafundi wa karakana iitwayo Medaza.

Hapo kwa Medaza nataka ndugu yangu wa Shinyanga asimame nami kidogo. Katika mashindano yale macho yalishazoea injini kubwa za Kimarekani, silinda mbili zimekaa kwa umbo la V, kromu inawaka mpaka unafinya macho. Wale mafundi wa Ireland wakaja na pikipiki waliyoiita Rondine, na injini waliyoijengea ilikuwa ya Moto Guzzi Nuovo Falcone. Silinda moja. Ujazo wa sisi (cc) 500, silinda yenyewe imelala kuelekea mbele. Nuovo Falcone ni pikipiki ambayo huko Italia waliendesha askari na polisi, pikipiki ya kazi, nzito, ya kupewa na serikali, ambayo hakuna kijana aliyewahi kuibandika picha yake ukutani. Wakaichukua injini hiyo wakaijengea mwili mpya, na dunia ya mafundi ikawapigia kura. Sasa mtu akiniambia kwamba injini ya silinda moja ni ya kubebea mkaa tu, mimi huwa namwonyesha picha hiyo kisha naendelea na kazi.

Nimesema dunia ya mafundi iliwapigia kura, na hapo ndipo ilipo hasa hoja yangu. Katika mashindano ya AMD waliotoa alama ni waundaji wenyewe. Kila aliyeleta pikipiki alizunguka kuzikagua za wenzake na kuzipa alama, na wenzake wakaikagua yake. Hakuna mgeni rasmi aliyeulizwa anapenda ipi. Hakuna msanii aliyekaribishwa jukwaani kusema "hii imenikosha". Kama umekaa usiku ukipigana na mshono wa kuchomelea ambao hautaki kukaa, ukiuona mshono wa mwenzako uliokaa unajua aliteseka kiasi gani, na kama hakuteseka unajua pia.

Nije nyumbani. Miezi kadhaa iliyopita niliitwa kuangalia shindano la "pikipiki kali" katika uwanja mmoja wa jijini hapa. Sitaitaja kamati wala wadhamini. Washindi walipatikana kwa kelele: mshereheshaji anainua mkono juu ya pikipiki, watu wanapiga makofi na vigelegele, sauti ikizidi ndiyo imeshinda. Aliyekuja na marafiki wengi kutoka kijiweni alikuwa ameshinda kabla hajafika. Iliyochukua zawadi ilikuwa nzuri kutazama, sikatai. Imeshushwa chini, kiti chembamba, tairi pana la nyuma, rangi ya samawati inayobadilika ukiizunguka. Mimi hutembea na sumaku ndogo mfukoni, tabia ya karakana. Niliigusisha kwenye shingo ya fremu, pale ambapo shokapu za mbele zinashikana na mwili. Sumaku ikaanguka chini. Nikaigusisha tena kidogo pembeni, ikaanguka. Shingo yote ile ilikuwa imezungushiwa puti, ule mchanganyiko wa kuzibia mashimo ambao sumaku haiushiki, nene, imesuguliwa msasa na kupakwa rangi, na chini yake sijui kulikuwa na mshono wa namna gani. Pikipiki ile ikivunjika haitavunjika mahali pengine. Na zawadi ya kwanza, Mhariri, katika shindano la kuunda pikipiki, ilikuwa pikipiki mpya ya dukani.

Watu hudhani nina kijicho na mambo ya urembo. Ngoja nieleze kwa nini shingo ni jambo la maana. Pikipiki nyingi za maonyesho huwa zimelazwa mbele, shokapu zimerefushwa, na ndilo umbo linalomvutia mtazamaji. Chora mstari kufuata shingo ya fremu mpaka uguse ardhi. Tairi la mbele hugusa ardhi nyuma kidogo ya pale mstari ulipotua. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayoifanya pikipiki ijinyooshe yenyewe ukiwa kwenye mwendo. Ukiilaza shingo, nafasi inaongezeka: kwenye barabara iliyonyooka utaona raha, lakini ukifika kwenye msongamano wa Mabatini, mwendo wa kuvizia, usukani unakuwa mzito na tairi linataka kukuangukia ndani ya kona. Anayejua hupima kabla ya kukata. Asiyejua hukata, akaona imependeza, akaingia barabarani na abiria mgongoni. Makofi hayawezi kuwatofautisha watu hao wawili. Fundi mwenzao anawatofautisha kwa kuisukuma pikipiki hatua chache tu, hata haijawashwa.

Siku hiyohiyo, pembeni kabisa karibu na wauza juisi, alikuwapo kijana wa Igombe na pikipiki ambayo haikupigiwa makofi na mtu. Naijua kwa sababu bushi zake nilizichonga mimi, kwa shaba ya kipande cha propela ya meli niliyokuwa nimeitunza tangu nilipoacha kazi. Kijana alipewa oda na mama mmoja anayepeleka samaki soko la Mwaloni, Kirumba. Shida ya mama ilikuwa moja. Kila bodaboda anayempa kazi anafunga kreti nyuma kabisa, juu ya keria, uzito wote unaning'inia nyuma ya ekseli, na kwenye kilima pikipiki inainua pua. Ikiinua pua usukani haukusikii. Sangara na barafu vikimwagika barabarani hakuna anayekuuliza umeumia, wanakuuliza samaki bei gani.

Kijana alifanya hivi. Aliirefusha swingamu kwa shubiri hivi, ili ekseli ya nyuma irudi nyuma na mzigo ukae mbele yake. Swingamu ndefu inapinda, kwa hiyo aliipigia mbavu za bomba kwa chini. Cheni ndefu inalegea na kupiga, kwa hiyo aliiwekea kigurudumu cha kuikaza. Kreti mbili alizishusha pande zote za gurudumu badala ya moja juu, uzito ukaja chini. Maji ya barafu, ambayo ndiyo yanayoua cheni za wabeba samaki wote wa ziwa hili kwa kutu, aliyatengenezea mfereji wa bati unaoyatoa nyuma ya tairi. Tangi alilipiga kwa nyundo juu ya mfuko wa mchanga, kwa bati la pipa, akalijaza maji akaliacha usiku kucha juu ya karatasi kavu kuangalia kama linavuja. Mishono yake haikuwa na puti hata punje. Aliiacha wazi, akaipaka vanishi tu, magamba yake yanaonekana mpangilio mmoja mwanzo hadi mwisho. Nikamuuliza kwa nini hakupaka rangi. Akaniambia, "Babu, mama amesema rangi ataniongezea pesa akiona imemaliza mwezi haijarudi gereji."

Mafundi wote waliokuwa uwanjani siku ile waliishia kwenye pikipiki hiyo. Hawakuitwa. Mmoja alilala chini kabisa na shati lake jeupe kuangalia kigurudumu cha cheni. Kama kura zingekuwa zao, nani angeshinda?

Sasa niseme pale ninapokubaliana na msomaji wa Shinyanga. Ni kweli kwamba pikipiki zinazoshinda huko nje zimemeza pesa ambazo gereji ya Igoma haitaziona. Ni kweli kwamba kusafirisha pikipiki moja mpaka Ulaya, viza, hati za forodha, nauli na malazi, ni hesabu ya kumfilisi fundi kabla hajafungua kreti. Na ni kweli kwamba tukimpeleka kijana mmoja Cologne akapigwa picha, akarudi na kofia, hatujafanya kitu. Mimi sitaki aende Cologne. Nataka sheria ya Cologne ije huku, ile ya fundi kumhukumu fundi, na mengine yote tuyapange kwa mifuko yetu.

Kuweka mipaka ya pesa si aibu, hata wenye pesa hufanya. Harley-Davidson walikuwa na shindano la mawakala wao lililoitwa Battle of the Kings: wakala alichukua pikipiki ya kiwandani na kuibadilisha kwa bajeti iliyowekewa kikomo. Kikomo ndicho kinachomlazimisha mtu kufikiri. Sisi kikomo chetu kiwe injini. Yoyote ya sisi 100 hadi 150 ambayo tayari inazunguka barabarani kwetu, na mtu asiruhusiwe kuleta kubwa zaidi.

Anayeona injini hizo ni za kudharau sijui kama amewahi kuzifungua. Chukua hizi pikipiki nyingi za Kichina za sisi 125. Ukivua kava ya juu unakuta valvu zinasukumwa na vijiti viwili virefu kutoka chini, hakuna cheni ya taimingi inayopanda juu. Hiyo ni injini ya Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, na viwanda vya China vimeinakili mpaka leo. Honda walikuwa na teknolojia ya cheni ya taimingi tangu zamani na waliitumia kwenye pikipiki zao nyingine. Hii waliiundia vijiti makusudi, kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki inabeba kupita kiasi, oili haibadilishwi kwa wakati, na mwenye nayo anaifungua mwenyewe chini ya mti. Kipenyo cha silinda milimita 56.5, mwendo wa pistoni 49.5. Hizo namba nazijua kuliko namba ya simu ya mke wangu. Bloku ikichoka tunaitanua kwa pistoni saizi 25 (yaani kipenyo kimeongezwa sehemu 25 za mia za milimita), kisha 50, kisha 75, kisha mia, ndipo inawekwa silivu na maisha yanaanza upya. Walioichora walikuwa wametufikiria. Ukitaka ya cheni ya taimingi, Boxer ipo, TVS ipo, na zote zina mafundi wake.

Uzuri wa kikomo hicho ni kwamba kinalizunguka ziwa zima. Injini zilizopo Mwanza ndizo zilizopo Musoma na Bukoba, ndizo zilizopo Kisumu kwa mafundi wa jua kali, ndizo zilizopo Jinja, na ukipanda mpaka Kampala pale Katwe utakuta watu wanaofua vyuma vya kila aina kwa mikono. Hatuhitaji ndege ili shindano liwe la kimataifa. Mjaluo wa Kisumu anaweza kuja na pikipiki yake akiwa ameikalia, akavukia Sirari, akafika hapa jioni amechafuka vumbi, na kufika kwake pekee kungekuwa sehemu ya mtihani.

Na mtihani uwepo. Mimi ningependa pikipiki ipimwe ikiwa imesimama, halafu ipimwe ikitembea. Ifungwe gunia la mahindi, itoke Igoma mpaka Kisesa na kurudi, mwenyewe aliyeiunda akiwa juu yake. Ikirudi, washiriki waiguse: mshono umepasuka, bolti zimelegea, breki ya nyuma imeungua? Halafu kila fundi aandike alama zake kwenye karatasi, jina lake likiwa juu, ya pikipiki yake mwenyewe asiandike. Kuandika jina ni muhimu. Najua watasema mafundi watapeana alama kwa urafiki, au watanyimana kwa wivu. Wivu upo, tusidanganyane, gereji mbili zilizopakana zinaweza kukaa miaka bila kuazimana spana namba kumi na nne. Lakini fundi aliyempa sifuri mtu ambaye kazi yake kila mmoja ameiona ataulizwa na wenzake palepale, na kijiweni hilo swali halimwishi mtu haraka.

Nimesikia pia hoja ya usalama na ya trafiki. Ni ya kweli na jibu lake ni fupi. Ukibadilisha rangi au injini, kadi ya pikipiki nayo ibadilishwe kwa kufuata taratibu za TRA, na hilo liwe sharti la kuingia. Trafiki waalikwe tangu mwanzo, wakague breki na taa kabla ya safari ya Kisesa. Kwa jinsi hali ilivyo, fremu zinakatwa na kuungwa kila siku katika mji huu, kimya kimya, nyuma ya mabati, na hakuna anayezikagua mpaka siku ya ajali. Afadhali zikatwe mbele ya watu.

Kuhusu MAKISATU, yale Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu yaliyoanza mwaka 2019, kuna rafiki yangu anayesema vijana wa pikipiki waende huko na tusiongeze shindano jingine. Waende, ni jambo jema. Ila huko pikipiki inasimama kati ya mashine ya kupukuchua mahindi na programu ya simu, na kila jaji anaiangalia kwa jicho la mambo mengi. Seremala wa mitumbwi humpeleka mtoto wake kwa seremala wa mitumbwi.

Zawadi, kwa heshima zote, zisiwe pikipiki. Mshindi apewe mashine nzuri ya kuchomelea, wa pili apewe drili ya mezani, wa tatu apewe jiliwa la chuma cha maana ambalo halipasuki ukilipiga nyundo. Vitu hivyo vitabaki gereji miaka mingi baada ya fedha ya mdhamini kuisha. Vijana wa VETA nao wapewe nafasi ya kuingia kwa makundi, maana wanajua kuchora na kupima kuliko wengi wetu tuliojifunzia kazini, wanachokosa ni mteja mkali kama yule mama wa samaki.

Ndugu yangu wa Shinyanga aliuliza mwishoni mwa barua yake: shindano litamwajiri nani? Namjibu kwa kile nilichokiona. Tangu siku ile ya uwanjani, kijana wa Igombe ameshapata oda nyingine za pikipiki za samaki, bila zawadi, kwa sababu tu mafundi waliolala chini kuiangalia walirudi makwao wakasimulia, na wanaosafirisha samaki wakasikia. Swingamu mbili zimeshapita kwenye leti yangu. Ya pili ameifanya fupi kidogo kuliko ya kwanza, kwa maelezo kwamba ile ya mwanzo inasumbua kugeuza kwenye vichochoro vya soko. Hakuna aliyemwambia. Amejirekebisha mwenyewe.

Mahali papo. Viwanja vya Nane Nane vya Nyamhongolo miezi mingi ya mwaka havina maonyesho, na vina nafasi ya kuziweka pikipiki zote za mikoa ya ziwa. Kamati naomba isitoke ofisini: mafundi wa Mabatini, wa Igoma, wa Buhongwa na wa hapa Nyakato wachague watu wao, Musoma na Bukoba wafanye hivyo, na Kisumu waandikiwe mapema ili wapate muda wa kuunda. Halmashauri itupe uwanja, maji na choo, hotuba iwe fupi. Mshiriki yeyote anayetoka mbali akivunjikiwa ekseli au bushi wiki ya mashindano, leti yangu iko wazi kwake mpaka usiku. Umeme nitalipa mimi, chuma aje nacho.

Mchongaji wa vyuma,
Nyakato, Mwanza